Gari likiwa juu, ni nani amelishika?

Kabla hujaingiza kichwa chini ya gari lililoinuliwa, hebu jibu swali moja tu: ni kitu gani kinachozuia gari hilo lisikuangukie?

Wengi watajibu haraka kwamba ni jeki, au ni lifti ya gereji, kisha wachukue spana na kuendelea na kazi. Jibu hilo halitoshi. Jeki yenyewe imeshikwa na nini? Na lifti imelishika gari mahali gani, na mahali hapo pana nguvu kiasi gani? Anayeweza kujibu maswali haya bila kubabaika anaweza kulala chini ya gari akafanya kazi yake. Asiyeweza, afadhali akae kando amwachie anayejua.

Usidhani haya ni mambo ya mafundi wa Kirinyaga Road peke yao. Katika mitaa mingi ya miji yetu, wikendi ndiyo siku ya baba kufungua boneti, kijana wa chuo kumwaga mafuta machafu ya injini, na watoto kuchungulia wakiwa wamechuchumaa kando ya gurudumu. Gari dogo la familia lina uzito wa kilo elfu moja au zaidi. Likiteleza kwenye jeki, halitoi onyo. Hushuka kwa wakati mmoja na pumzi yako.

Ili tulielewe jambo hili vizuri, leo tutachukua mfano wa gari gumu kuliko yote kuliinua, yaani gari la kujiundia. Ukishajua jinsi ya kulipandisha gari la namna hiyo kwenye lifti bila kulivunja wala kuvunjika wewe, Toyota ya nyumbani haitakusumbua.

GARI LINALOKUJA NDANI YA MAKASHA

Gari la kujiundia ni lile ambalo kampuni hukuuzia fremu, bodi na vipuri, nawe ukaviunganisha nyumbani kwa mikono yako mwenyewe. Uingereza ndiko mchezo huu ulikokomaa. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo la viti viwili lililoitwa Lotus Seven. Wakati huo gari lililokamilika lilitozwa kodi ya mauzo, lakini lililouzwa likiwa vipande halikutozwa. Kwa hivyo vijana wasio na pesa nyingi walinunua vipande wakajiundia.

Inasimuliwa kwamba muuzaji alikatazwa kumpa mteja maelezo ya jinsi ya kuliunganisha gari. Basi Lotus wakatoa maelezo ya jinsi ya kulifungua vipande vipande, na mteja akawa anayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ujanja wa sungura huo! Mwaka 1973 kodi ile ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na VAT, na mwaka uo huo kampuni ya Caterham ikapata haki za kuliunda gari hilo. Hadi leo Caterham huwauzia wateja magari ya ukoo huo.

Mwaka 1996 alijitokeza mwalimu wa shule, Ron Champion, akachapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kuunda gari la aina hiyo kuanzia pauni 250 hivi. Alishauri ununue Ford Escort kuukuu, uchukue injini, giaboksi na ekseli yake, kisha uchomelee fremu mpya kwa vyuma ambavyo mafundi wetu wa jua kali huviita skwea tyubu, vyenye upana wa milimita 25 tu. Ukitaka kujua ukubwa wake, nenda ukatazame grili ya dirisha lako. Chuma cha ukubwa huo, na unene wa ukuta wake haufiki milimita 2, ndicho kinachobeba injini, dereva na abiria.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Gari la familia linapotoka kiwandani, huja na kitabu chenye picha inayoonyesha mahali pa kuwekea jeki. Wahandisi walikwisha kupiga hesabu na kulijaribu. Lakini gari lililochomelewa nyuma ya nyumba ya mtu halina picha ya namna hiyo. Aliyeliunda ndiye mhandisi, ndiye kiwanda, na ndiye anayeingia chini yake.

MFUPA NA NYAMA

Kila gari lina mfupa na nyama. Ukilishika kwenye nyama, litapasuka au litateleza. Ukilishika kwenye mfupa, litatulia.

Sisi hapa Kenya tunalijua jambo hili kwa kutazama matatu zetu kubwa. Fremu na injini ni za lori, na bodi huja kujengwa juu yake katika karakana zetu za humu nchini. Hata utingo aliyeanza kazi jana hawezi kuweka jeki chini ya yale mabati yaliyopakwa rangi na michoro. Huiweka chini ya ekseli au chini ya fremu. Land Rover za zamani nazo zilijengwa vivyo hivyo, mfupa ukiwa mbali na nyama, na mtu anaona waziwazi kipi ni kipi.

Gari dogo la kawaida ni tofauti. Halina fremu ya pekee, bali mabati yake yamekunjwa na kuunganishwa hadi bodi yenyewe ikawa ndiyo fremu. Ukiinama ukapapasa chini ya milango, utakuta ukingo wa mabati mawili yaliyobanwa pamoja. Karibu na gurudumu la mbele, na tena karibu na gurudumu la nyuma, aghalabu kuna pengo dogo mawili mawili kwenye ukingo huo. Katikati ya mapengo hayo ndipo mahali pa jeki. Ukienda mbele au nyuma yake kwa kiganja kimoja tu, unaweza kuukunja ukingo kama karatasi, na hapo ndipo kutu itaanzia.

Sasa tulirudie gari letu la kujiundia. Sakafu yake mara nyingi ni bamba jembamba la alumini lililopigwa ribiti. Pua yake na matao ya magurudumu ni faibaglasi. Vyote hivyo ni nyama. Faibaglasi haipindi kama bati ikakuonya. Hupasuka kwa mlio mmoja. Nalo bamba la sakafu, ukilikandamiza kwa jeki, litatoboka na gari libaki limening'inia.

Mfupa ni zile skwea tyubu. Lakini hata mfupa una mahali pa kushikwa. Mwanafunzi achukue rula yake aiweke kama daraja kati ya vitabu viwili, kisha aibonyeze katikati kwa kidole. Itapinda. Abonyeze sasa pale rula ilipolala juu ya kitabu. Haitapinda hata kidogo. Tyubu nyembamba ni vivyo hivyo. Katikati yake, ambapo hakuna chuma kingine kinachoisaidia, itajikunja. Mahali zinapokutana tyubu tatu au nne na kuchomelewa pamoja, hasa pale ziliposhikiza vyuma vya magurudumu, pana nguvu za kutosha, kwa sababu hapo ndipo uzito wa gari hupitia kila siku likiwa barabarani.

Kwa hivyo anayeunda gari kama hilo hana budi kuzichagua sehemu nne za kuinulia wakati fremu ingali uchi, kabla ya bamba la sakafu kupigwa ribiti. Azitie alama ya rangi nyekundu au nyeupe isiyofutika. Ukishafunika sakafu, utakuwa unabahatisha mahali mfupa ulipo, na kubahatisha si ufundi. Wengine huchomelea vibamba vya chuma hapo ili pedi ya lifti ipate mahali papana pa kukalia. Mimi ningesema fedha na saa zinazotumika kwa vibamba hivyo zina maana kuliko zile za kung'arisha pua ya gari.

LIFTI YA NGUZO MBILI

Lifti ya magari si kitu kipya. Peter Lunati, fundi wa mji wa Memphis kule Marekani, alipata hataza ya lifti yake ya mafuta mwaka 1925, na inasemekana wazo hilo alilitoa kwenye kiti cha kinyozi ambacho hupanda na kushuka. Siku hizi lifti inayoonekana zaidi katika gereji za mijini ni ile ya nguzo mbili. Gari huingia katikati ya nguzo, mikono minne ya chuma huzungushwa hadi chini yake, kisha mota ya umeme husukuma mafuta na mikono hiyo hupanda.

Jambo la kwanza kutazama ni kibandiko cha uwezo wake. Lifti ya tani 4 yenye mikono minne haimaanishi kwamba mkono mmoja unaweza kubeba tani 4. Kila mkono umeundiwa robo yake, yaani tani 1. Jambo la pili ni sakafu. Nguzo hizo zimeshikwa na bolti zilizozama ndani ya simiti, na mwenye kuziunda huandika unene na ubora wa simiti anaoutaka. Ukiona nyufa zinazozunguka miguu ya nguzo, au bolti inayocheza, ondoka na gari lako. Usione haya. Fundi akikasirika, atapoa.

Gari la ukoo wa Lotus Seven lina matata yake hapo. Kwanza liko chini mno, hata mikono ya lifti haipati nafasi ya kupita. Dawa yake ni kulipandisha polepole juu ya mbao nne pana, mbao moja kwa kila gurudumu, ndipo mikono iingizwe. Pili, ni jembamba na fupi. Yamkini mikono ikafunguliwa hadi mwisho wake na bado isiifikie ile alama ya rangi. Tatu, katika mengi ya magari hayo bomba la moshi hupita ubavuni, nje ya bodi, mahali pale pale ambapo mkono wa lifti ungetaka kupita. Linaweza kuwa la moto pia.

Ikiwa mikono haifiki kwenye mfupa, usiilazimishe kukamata nyama iliyo karibu. Tafuta lifti ya nguzo nne, ile ambayo gari huendeshwa juu ya reli mbili na kusimama kwa magurudumu yake. Huko gari hujibeba lenyewe kama lilivyo barabarani, na mtu hahitaji kukisia chochote. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuvua magurudumu bila jeki nyingine juu ya reli. Lakini kwa gari ambalo mfupa wake haujulikani vizuri, nguzo nne ndizo za kuchagua.

Ikiwa mikono inafika, weka kipande cha mbao ngumu au raba nene kati ya pedi na tyubu, ili uzito usambae na chuma kisiteleze juu ya chuma. Mbao iwe pana na fupi. Usipange vipande vitatu vitatu kama mnara. Hakikisha kila mkono umejifunga usizunguke tena, kwani mikono hiyo ina meno yanayouzuia kuhama gari likishaanza kupanda. Kisha bonyeza swichi.

Mwenda pole hajikwai. Magurudumu yakiacha sakafu kwa sentimita 15 hivi, simama. Zunguka gari zima ukiwa umeinama. Tazama kila pedi. Shika gari kwenye chuma kigumu mbele na nyuma ulitikise kwa nguvu. Likikohoa, likiegemea upande, au ukisikia faibaglasi ikilia, lishushe uanze upya. Kutoka sentimita 15 halina madhara makubwa. Kutoka mita mbili ni habari nyingine.

Likipita jaribio hilo, lipandishe hadi kimo unachotaka. Utasikia ka, ka, ka ndani ya nguzo. Hayo ni makomeo ya usalama yakipita kwenye meno yake. Na hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi wa miaka mingi. Huacha kubonyeza swichi, wakaingia chini. Wakati huo gari bado limebebwa na mafuta. Fundi mwangalifu hubonyeza mkono wa kushushia kidogo, gari likashuka kwa sentimita chache mpaka uzito wote ukalalia makomeo ya chuma, pande zote mbili. Baada ya hapo hata stima zikipotea, hata mpira wa ndani ukipasuka na mafuta yote yakamwagika, gari halina mahali pa kwenda. Mafuta ni ya kupandishia. Chuma ndicho cha kushikia.

UZITO UNAOHAMA

Kuna mtego mwingine ambao gari la kujiundia huuficha. Gari la kawaida huwa na uzito ule ule jana na leo. Gari linaloundwa hubadilika kila wikendi. Jumamosi hii halina injini. Ijayo injini imeingia. Ile nyingine matangi na viti vimetolewa ili rangi ipigwe.

Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ukikishika hapo hakiinami upande wowote. Lifti ya nguzo mbili hutaka kitovu hicho kiwe katikati ya pedi nne, mbali na ukingo. Katika gari jepesi la kilo 500 hivi, injini na giaboksi pamoja zaweza kuwa zaidi ya robo ya uzito wote. Ukizitoa gari likiwa juu, kitovu hukimbilia nyuma kwa ghafla. Pua hunyanyuka, mkia hushuka, na gari huteleza kutoka kwenye pedi za mbele. Gari la familia nalo hufanya hivyo, kwani zile zinazosukumwa na magurudumu ya mbele huwa na sehemu kubwa ya uzito wake mbele, lakini gari jepesi halikupi nafasi ya kushtuka.

Anayetoa injini gari likiwa juu huweka kwanza nguzo ndefu ya kuegemeza chini ya mkia, na huifanya kazi hiyo akiwa na mwenzake. Vilevile bolti zilizoganda hulegezwa gari likiwa chini. Mtu anayening'inia kwenye spana yenye bomba refu huku gari liko juu anavuta gari zima, na hajui.

Usidanganyike na neno jepesi. Kilo 500 ni sawa na magunia matano na nusu ya mahindi, yale ya kilo 90. Hebu fikiria magunia hayo yakianguka kwa pamoja juu ya kifua.

JEKI YA NYUMBANI

Wengi wetu hatuna lifti. Tuna jeki iliyoko ndani ya buti, chini ya tairi la akiba, nayo hukumbukwa siku ya pancha tu.

Jeki ya mafuta hufanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba msukumo ndani ya kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Joseph Bramah wa Uingereza aliitumia kuunda mashine yake ya kukandamiza, akapata hataza mwaka 1795. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 1 na pistoni kubwa ina sentimita mraba 20. Ukibonyeza ile ndogo kwa nguvu ya kilo 50, ile kubwa itainua kilo 1,000. Bei yake ni kwamba lazima ile ndogo isafiri sentimita 20 ili kubwa ipande sentimita 1, ndiyo maana unapampu na kupampu.

Ajabu ya Mungu, mtoto wa darasa la sita anaweza kuliinua gari la babake. Lakini tazama sasa kilichobaki kulishika. Ni mafuta, na mafuta hayo yamezuiwa na pete ya raba pamoja na valvu ndogo. Chembe ya mchanga ikikwama kwenye valvu, au raba ikichoka, gari litashuka. Huenda likashuka polepole wakati unakunywa chai, au kwa mara moja.

Jeki ya skrubu, ile inayofunguka kama mkasi, haivuji. Meno ya skrubu hujizuia yenyewe. Lakini kitako chake ni chembamba, na gari likisogea mbele au nyuma kidogo, jeki huanguka ubavu. Jeki ya magurudumu, inayopendwa gereji, ina siri yake pia. Mkono wake hupanda kwa kuzunguka, si wima moja kwa moja, kwa hivyo ni lazima jeki ijongee kidogo kadiri gari linavyopanda. Kwenye simiti hujongea bila shida. Kwenye murram magurudumu yake madogo huzama, yakakataa kujongea, na badala yake kichwa cha jeki huvuta gari kando. Ndiyo sababu haifai kwenye udongo.

Breki ya mkono nayo imewaponza wengi. Katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki hiyo inashika magurudumu yanayoelea hewani, na kilichobaki chini hakijashikwa na kitu. Wenye gari la otomatiki huweka gia kwenye P wakaona wamemaliza. P hufunga giaboksi, si magurudumu. Ukiinua gurudumu moja tu kati ya yale yanayosukuma gari, difu huliruhusu hilo la hewani kuzunguka upande wake na lile la chini upande wake, gari likatembea. Kwa hivyo kabari ni lazima, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Jiwe zuri lenye ubapa hutosha barabarani. Na mahali pawe sawa. Ukipata pancha kwenye mteremko, afadhali ujikokote hadi mahali tambarare hata ukiharibu tairi.

Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua, gari likiwa limetulia chini. Kwa kubadilisha gurudumu, hakuna haja ya sehemu yoyote ya mwili wako kuwa chini ya gari. Lile tairi la akiba lisukume chini ya gari kando ya jeki huku unafanya kazi. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi na si ardhi, nawe utapata nafasi ya kuanza tena.

Lakini ikiwa kazi yako ni ya kuingia chini, jeki haitoshi, iwe mpya au ya zamani, iwe ya bei gani. Inua, kisha weka stendi za chuma, mbili au nne, kwenye ule mfupa tuliouzungumzia, ushushe gari mpaka lizilalie. Pini zake zote zipite upande wa pili. Chini ya stendi, ikiwa si simiti, weka ubao mpana na mnene. Jeki iache pale pale ikigusa kidogo, kama mlinzi wa pili.

Na mawe, je? Matofali? Mabloki ya simiti yenye matundu ndiyo mabaya zaidi. Simiti hubeba uzito mwingi sana mpaka ile nukta ambapo haibebi tena, na haipindi kwanza. Hukatika. Ukimwona fundi wa kando ya njia ameweka gari juu ya bloki kama hilo, mwambie kwa heshima atumie gogo zima la mti mgumu, lililokatwa bapa pande zote mbili. Gogo likichoka hulia kwanza, na mtu akasikia.

Wengine hukimbilia shimo la gereji wakiona ni salama kwa kuwa gari haliinuki. Kweli haliwezi kukuangukia. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hushuka ukajaa shimoni bila kuonekana. Taa iliyopasuka au cheche ya spana yatosha. Hata moshi wa injini inayonguruma juu yako unaweza kukulewesha ukalala usiamke. Shimo ni la kazi fupi, injini ikiwa imezimwa.

Mama wa nyumbani wana sehemu yao. Mtu akiingia chini ya gari, awepo mtu mzima mwingine anayejua kwamba yuko huko. Funguo za gari zikae mfukoni mwa aliye chini, si kwenye swichi, maana watoto hupenda kupanda ndani wakajifanya madereva. Mtoto akiruka kwenye kiti, gari hutikisika.

Kazi ikiisha, usikimbilie kulishusha. Toa kwanza spana, ndoo ya mafuta, taa na waya wake. Hesabu watoto. Mtazame hata paka, ambaye hupenda kulala pale penye joto la injini. Funga milango, kwa kuwa mlango uliosahauliwa wazi hugonga nguzo ya lifti au hukwama kwenye stendi gari likishuka. Kwenye lifti, ni lazima kwanza ulipandishe gari kidogo ili makomeo yaachilie, ndipo uyavute pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukikatalia juu huku mwingine unashuka, acha swichi mara moja, lipandishe tena, utafute sababu. Na zile mbao nne zirudishe mahali pake kabla magurudumu hayajafika, la sivyo gari la kimo cha Lotus Seven litaikalia mikono ya lifti kwa tumbo lake, na utabaki unajiuliza jinsi ya kuitoa.

Magurudumu yakishagusa chini, kaza nati kwa mpango wa nyota, si kwa kuzunguka mduara. Endesha kilomita 50 hivi, kisha uzikaze tena.